Jina la Pili kwenye Bima ya Gari

Mtu akiniuliza kwa nini nilikata bima kubwa, jibu ninalo. Gari lilikuwa moja kwa ukoo mzima, barabara ya kupanda Newala tunaijua ilivyo, na nyumbani kulikuwa na binti mwenye leseni mpya. Akiniuliza kwa nini niliandika majina yale niliyoyaandika, hapo nakohoa kwanza. Jibu ninalo pia, na sidhani kama ni jibu baya sana. Ila silipendi.

Mimi nakaa Lisekese, nje kidogo ya mji wa Masasi. Nalima, na wakati wa mbaazi nanunua za wenzangu na kuuza. Dada yangu anakaa Mnyambe, kule juu Newala, kwenye shamba la mikorosho tuliloachiwa na mama. Mumewe alikuja kukaa pale kwa mkewe, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu, na miaka yote ameipogolea na kuipulizia dawa mikorosho ile kama vile ilipandwa na baba yake. Sio yake. Anajua, na mimi najua, na hajawahi kulitamka mbele yangu.

Wana watoto kadhaa, lakini ninayemwandika hapa ni binti yao mkubwa. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Baba humlea, humsomesha, ila likija jambo la kuamua anatafutwa mjomba. Mjomba ndiye mimi. Binti alipomaliza kidato cha nne, mimi ndiye niliyesema habari za kuolewa zisubiri. Aliposema anataka kujifunza gari, mimi ndiye niliyesema sawa, ateremke aje akae kwangu, asome chuo cha udereva pale mjini. Shemeji alipelekewa habari. Nasema alipelekewa kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, hakuulizwa. Nilipompigia simu alinijibu, "Ukishasema wewe, shemeji, mimi nina neno gani tena?" Akacheka. Kicheko kile sikukipenda, nikakaa nacho.

Gari lenyewe ni pikapu, la mkono wa pili, tulilinunua kwa fedha ya korosho za shamba la Mnyambe na mbaazi zangu. Kwa hiyo hata shemeji jasho lake limo, nikitaka kusema haki.

Binti alilijua gari upesi. Sisemi hivyo kwa kuwa ni wetu. Siku moja, nimekaa naye pembeni, tulipeleka mzigo ghalani, na pakawa pamebaki upenyo mwembamba kati ya lori na ukuta. Vijana wa kupakua walipomwona msichana kwenye usukani wakaanza yao. Mmoja akapaza sauti, "Jamani sogeeni, ukuta wenyewe hauna bima." Binti akarudi nyuma taratibu, akitazama vioo viwili vya pembeni tu, mpaka nyuma ya pikapu ikagusana na mlango wa ghala kama imepimwa. Akatoa kichwa dirishani. "Ukuta mzima. Nyie ndio mkate bima, maana magunia yanawasubiri." Wale vijana walicheka wakashusha mzigo, na kuanzia siku ile wakawa wanamwita dereva.

Bima tuliyolikuta nayo gari ilipokaribia kuisha, nikaenda mjini kwa wakala, na binti nikaenda naye. Wakala alikuwa dada wa makamo mwenye miwani. Alinipa shikamoo yangu, akatukalisha, akanieleza bila kunifanya mjinga. Bima ndogo, alisema, ukimgonga mtu au ukaharibu mali yake, kampuni inamlipa huyo mtu. Gari lako likianguka, hilo unabaki nalo mwenyewe. Bima kubwa inalipa la mwenzako na la kwako. Nikamwambia nataka kubwa. Hapo sikuwa na wasiwasi, nilikuwa nimeshalala nalo na kuamka nalo.

Kisha akasema kwenye bima yao kubwa wanaandikwa madereva wawili. Gari likiendeshwa na mwingine na likatokea la kutokea, madai yanaingia utata. Akamtazama binti, akaipiga picha kwa simu leseni aliyokuwa ameishika mkononi, bado iko kwenye mfuko wake wa nailoni.

"Huyu naye anaandikika," akasema. "Kwa umri wake malipo yanapanda kidogo, ila anaandikika. Baba, siku kwa siku gari linaendeshwa na nani?"

Swali lilikuwa rahisi. Siku kwa siku gari lingeendeshwa na mimi na yule binti. Na ile nyongeza haikuwa sababu, naomba hilo lieleweke, kwa kuwa baadaye watu walidhani nilibania. Nilikuwa nimeuza mbaazi, ningeilipa. Kilichonijia pale kwenye kiti ni shemeji na kile kicheko chake cha kwenye simu. Nikaona nimemruka kwenye habari za kuolewa kwa binti, nimemruka kwenye chuo, na sasa ninaandika watu wa gari ambalo jasho lake limo, nimruke tena? Tena jina lenyewe liwe la mwanawe, mtoto awekwe mbele ya baba kwenye karatasi ya kampuni? Nikasema la kwanza ni langu, la pili ni la baba yake huyu binti. Leseni anayo, aliwahi kuendesha lori la chama cha msingi zamani, na kila ikiisha anaihuisha.

"Na huyu dada?"

"Huyu bado mtoto. Mwakani."

Wakala akasema sawa, akaniuliza jina kamili la huyo dereva wa pili. Miaka yote hiyo namwita shemeji, au Baba wa fulani, kwa jina la binti yake. Dada yangu anamwita hivyo, jirani hivyo, msikitini hivyo. Sikuwa na jina jingine la kumwita. Nikamgeukia binti. Akalitaja jina la baba yake, na la babu yake, taratibu, na pale wakala alipokosea herufi akamsahihisha. Kisha akafungua mkoba wake akairudisha leseni ndani.

Tulipotoka nikaendesha mimi. Tulikuwa tumeshaupita mji ndipo akasema.

"Mjomba, baba haendeshi siku hizi. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho. Asubuhi na jioni haoni vizuri."

"Najua. Ni jina tu, mama. Tumheshimu mzee."

"Sawa. Na mimi, niendeshe au nisiendeshe?"

Nikamwambia barabarani asiendeshe. Kama jina halimo, halimo. Nilitaka tuwe wakweli kwa kampuni, nisije nikala bima ya watu kwa ujanja. Mpaka leo naona hapo sikukosea. Ila naona pia kwamba ukweli wote niliutunza kwa kampuni, na kwa watu wangu nikawapa adabu tu.

Wakala alitaka nakala ya leseni ya shemeji, basi nikapanda Mnyambe kuifuata. Nilimkuta anakusanya matawi aliyoyapogoa. Nikamweleza. Akasimama na panga lake mkononi, akaniuliza mara mbili kama kweli nimemwandika yeye. Akamwita dada yangu atoke jikoni aje asikie. Halafu akaingia ndani kuitafuta leseni, na alikaa humo kuliko inavyohitajika kuitafuta leseni. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Niliteremka Lisekese nikiwa na furaha, nikijiambia kwamba kwa mara ya kwanza nimefanya jambo la mjomba bila kumuumiza baba.

Binti akarudi kwao Mnyambe kumsaidia mama yake, na gari likawa linakaa huku na huku, wiki kwangu, wiki kwao likingoja mizigo, mimi ndiye wa kulipandisha na kuliteremsha. Mimi nilidhani jina ni jina. Shemeji yeye aliona ameaminiwa. Mtu aliyeandikwa kuwa dereva atakaaje nyumbani akiona gari linangoja? Akaanza kuliosha kila likifika. Akawa anafunua boneti kupima oili asubuhi kabla ya chai. Kisha akaanza kuliendesha, kwanza mpaka dukani, halafu mpaka gulioni. Dada yangu alinipigia simu.

"Kaka, huyu mtu tangu umwandike hashuki kwenye hilo gari."

Nikacheka. Nikamwambia mwache ajifurahishe. Dada hakucheka, akaniuliza hali ya watoto, akakata simu. Alikuwa amenieleza kwa adabu ya mdogo kwa kaka yake, na mimi nilitaka aniambie kwa ukali ndipo nielewe.

Ukaja wakati wa mbaazi, ile miezi ya baridi ambapo kule juu ukungu unakaa mpaka jua lipande. Mimi nilikuwa kitandani na malaria. Mnada ulikuwa umetangazwa, na mbaazi za dada zilikuwa bado Mnyambe, na gari lilikuwa hukohuko. Nikapiga simu, nikasema leteni mzigo, msichelewe. Nilisema leteni. Sikusema nani alete. Nimelirudia lile neno kichwani mara nyingi, na kila nikilirudia linakuwa vilevile.

Yaliyofuata nayaandika kama binti alivyonisimulia, na baba yake hakuyapinga.

Waliondoka asubuhi na mapema, wawili tu, magunia nyuma. Ukungu ulikuwa mzito. Walipoanza kuteremka, shemeji akapunguza mwendo, akawa anasogeza uso karibu na kioo. Binti akamwona anapangusa kioo kwa ndani, na kioo kilikuwa kikavu.

"Baba, simama. Nipe mimi."

"Jina lako halimo, mwanangu."

"Hakuna anayetuona."

"Mjomba wako aliniandika mimi. Likitokea la kutokea wewe umeshika, atadaiwa yeye, na mimi nitakuwa nimemtia aibu. Tulia, tunafika."

Akatulia. Ni mtoto aliyelelewa vizuri, na sisi ndio tuliomlea. Mbele kidogo mafundi wa barabara walikuwa wamefungua njia ya mchepuko, wamepanga mawe kuonyesha pa kukata kona. Lori likatokea na taa zake kwenye ukungu, mwanga ukamziba shemeji macho, mawe hakuyaona. Gari lilitoka njiani likalala ubavu mtaroni. Binti alichubuka mkono na bega. Shemeji mguu wake wa kulia ulibanwa, ukavunjika paja. Binti ndiye aliyepanda barabarani kusimamisha watu, na ndiye aliyesimama katikati ya zile mbaazi zilizomwagika akiniambia kwenye simu, "Mjomba, tumeanguka. Baba yuko hai."

Bima ililipa. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa kuna watu wanaosema bima ni wizi, na mimi sikuibiwa. Trafiki waliandika yao, wakala alikuja mwenyewe, akapiga picha, akauliza nani alikuwa anaendesha, akaliona jina limo. Gari likavutwa, likanyooshwa, likapakwa rangi, likarudi. Watu wa Lisekese walikuja kunipongeza. Jirani yangu, ambaye yeye ana bima ndogo, alilizunguka lile gari akigonga bodi kwa vidole, akasema, "Ungekata kama yangu, saa hizi unauza vyuma chakavu. Wewe una akili." Nikamjibu asante.

Mguu wa shemeji uliunga vibaya. Anatembea na fimbo. Kupanda mkorosho hawezi, na pampu ya kupulizia dawa haibebi mgongoni, inamwangusha. Msimu uliofuata tulimwajiri kijana wa kupulizia, na shemeji akawa anakaa kwenye kigoda ukingoni mwa shamba akimwelekeza mti huu na mti ule. Na huyu mtu alinishukuru. Nilipokwenda kumwona hospitali alinishika mkono akaniambia, "Shemeji, uliniandika ukaniokoa. Angeendesha mtoto, leo tungekuwa na deni la gari." Nikaangalia pembeni. Binti alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, ananisubiri niseme neno. Nilisema, "Pole sana, shemeji."

Najaribu kuwa mwenye haki hata kwangu mwenyewe. Huenda angeendesha binti, angeanguka vilevile. Ukungu ule unawashika hata wenye macho mazima, na lori lile halikuwa na adabu. Huenda angeanguka vibaya zaidi na leo ningekuwa naandika mengine. Hakuna anayejua. Nimemuuliza dereva mmoja mzoefu wa njia ile, akaniambia kona ile ilishaangusha watu wengi. Maneno yake yalinipoza jioni moja tu. Kwa sababu hata kama kona ni mbaya, mtu aliyekuwa anaona alikuwa amekaa kiti cha abiria, na aliyemkalisha pale ni mimi, kwa kalamu ya wakala, kwa nia njema.

Baada ya ajali binti hakushika tena usukani. Hakususa, wala hakununa. Akinikuta ananipa shikamoo, ananiletea maji ya kunawa, anacheka na wanangu. Lakini nikimwambia haya, tulisogeze gari kivulini, anasema mjomba sogeza wewe, mikono yangu ina unga. Mara nyingine mikono haina unga.

Mwaka ulipozunguka wakala akanipigia kunikumbusha. Safari hii sikusita. Nikaenda peke yangu, nikamwambia dereva wa pili atoke, aingie binti, nyongeza ya umri nalipa. Wakala akaandika, picha ya leseni yake alikuwa nayo kwenye simu tangu siku ile ya kwanza. Akaniambia nimefanya vizuri. Nami nikajiona nimefanya vizuri, nikapanda Mnyambe siku hiyohiyo kupeleka habari.

Shemeji nilimwambia kwanza, kwa heshima. Alikuwa kibarazani, mguu ameunyoosha kwenye mkeka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ni vizuri, ni vizuri sana, mtoto anajua gari kuliko sisi wote. Halafu akasema jambo ambalo alilisema polepole, bila ubaya wowote.

"Hata mwaka ule ungeniuliza, shemeji, ningekwambia mwandike yeye. Mimi jicho langu nalijua."

Sikuwahi kulifikiria hilo, hata siku moja. Nilimfikiria aibu yake, nikamfikiria moyo wake, nikamfikiria vyote, ila kufungua mdomo nikamuuliza, hapana. Nilimwendea kufuata nakala ya leseni tu, jambo likiwa limekwisha.

Binti alikuwa nyuma ya nyumba anamenya mihogo. Nikachutama karibu naye, nikamwambia jina lake limeingia, kuanzia sasa gari ni lake na langu, halali kabisa, hata trafiki wakisimamisha. Nilitegemea atabasamu. Aliendelea kumenya mpaka akaumaliza ule muhogo aliokuwa nao, akautumbukiza kwenye beseni.

"Asante mjomba," akasema. "Mwaka ule ulimwandika baba. Mwaka huu umeniandika mimi. Mara zote mbili hukutuuliza."

Hakusema kwa jeuri. Kama angesema kwa jeuri ningekuwa na pa kushikia, ningemkumbusha mimi ni nani wake. Alisema kama mtu anayekueleza chumvi imeisha. Nikaokota muhogo nikaanza kumenya na mimi, vibaya, nakata na nyama yake.

"Basi nakuuliza sasa," nikamwambia. "Unataka kuendesha?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, hakuwa ananiadhibu. Akasema hajui. Akasema akikaa kwenye usukani anaona yeye ndiye alitakiwa kukaa pale siku ile, na kwamba alitii, na hajajua bado kama alifanya vizuri kutii. Akasema nisiwe na haraka naye.

Sikuwa na haraka. Niliteremka na gari jioni ile, na dada yangu alikaa kiti cha mbele kwa kuwa alikuwa na safari ya Lulindi, kwenye msiba. Njiani hakunilaumu. Alizungumza habari za msiba na bei ya mbaazi.

Imepita miezi tangu hapo. Bima ipo, ni kubwa, na jina la pili ni la mtu ambaye bado hajashika usukani. Nimejizuia kumuuliza tena, kisha nikaona kujizuia nako ni kuamua kwa niaba yake, basi juzi nikampigia simu nikamuuliza. Nikasikia kuku nyuma yake. Akasema, "Mjomba, bado." Nikamwambia sawa. Akaniuliza kama nimepata mtu wa kunisaidia kupakia wiki hii, nikamwambia nimempata. Tukaagana.